Pikapu ya Mboje Yagoma Kuwaka

Asubuhi ile Mboje na mkewe Milembe walikuwa wakichuma pamba shambani kwao, Lalago. Ghafla Milembe akapiga kelele.

"Nyoka! Ameniuma mguu!"

Mboje alimbeba mbio hadi nyumbani, akamlaza kwenye pikapu yake. Akazungusha ufunguo.

"Ta!" gari likalia, kisha kimya. Akajaribu tena. "Ta! Ta!"

Mama yake, bibi Kija, alikuwa anamfunga Milembe mguu kwa kitambaa. "Wamelifunga hili gari," alisema. "Tangu ulinunue, watu wanakutazama vibaya. Tumpeleke kwa mganga, ni hapo tu."

Mguu wa Milembe ulikuwa unavimba. Mboje alizungusha ufunguo tena na tena.

Jirani yao Wilhelmina, dereva wa lori la pamba ambalo siku hiyo lilikuwa limebaki mjini, alisikia makelele akaja mbio.

"Acha, Mboje! Unamaliza betri," alisema. "Mayu Kija, fungua hicho kitambaa. Mguu ulioumwa na nyoka haufungwi. Alale, asiusogeze."

Kisha akamgeukia Mboje. "Injini inazunguka, au inalia 'ta' tu?"

"Inalia tu."

"Basi stata inayozungusha injini haipati umeme wa kutosha. Ingekuwa inazunguka bila kuwaka, ningetazama mafuta. Washa taa."

Taa ziliwaka hafifu, kama zinataka kulala.

"Umeona? Si uchawi. Zima kila kitu, fungua boneti."

Vichwa vya betri vilikuwa vimejaa unga mweupe. Wilhelmina alishika kimoja, kikacheza mkononi.

"Umeme utapita wapi hapa? Lete spana na msasa. Unaanza kufungua waya wenye alama ya kutoa. Ukirudisha, huo unakuwa wa mwisho."

Mboje alisugua haraka. Nyuma yake Milembe alianza kutapika.

"Mboje," aliita kwa sauti ndogo, "macho yangu yanaona giza."

"Nakuja, mke wangu. Nakuja."

Vichwa vikang'aa, wakavikaza. Mboje akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka polepole, ikakata.

"Betri umeshaichosha," alisema Wilhelmina. "Tusukume. Acha ufunguo umewashwa, weka gia ya pili, kanyaga klachi. Nikisema 'achia', achia."

Akahakikisha hakuna mtu mbele. Bibi Kija alisimama kidogo akimtazama mkwe wake. Kisha akafunga khanga kiunoni, akaja kusukuma. Pikapu ikaanza kuteremka.

"Achia!"

Gari likaruka, likakohoa, likanguruma.

"Usilizime mpaka ufike hospitali!" Wilhelmina alipaza sauti.

Walifika Milembe akiwa bado anapumua vizuri. Alitundikiwa dawa ya sumu ya nyoka. "Mmewahi," daktari alimwambia Mboje. Mboje akakaa chini palepale sakafuni, akalia.

Milembe aliporudi nyumbani, alikuwa bado anachechemea. Alimkuta Mboje amefungua boneti, anasafisha vichwa vya betri na kuvipaka grisi, kama Wilhelmina alivyomwelekeza. Siku hizi hufanya hivyo mara kwa mara, hata kama gari halina shida.

Milembe akasogea, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo spana."

"Ya nini? Pumzika."

"Nifundishe. Siku nyoka akikuuma wewe, nani atafungua hii boneti?"

Mboje akampa.