Chumvi ya Jumapili

Careen alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya jiko lake, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Xiaobei, bado amevaa sare ya kwaya. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kikombe kilikuwa kimevunjika pembeni ya mkono wake, na chai ilikuwa imetambaa mpaka chini ya friji.

Inspekta Liang Huifen alichuchumaa, akaitazama mikono ya marehemu kabla hajatazama uso. Ilikuwa mikono ya mtu aliyeteseka. Ngozi imepasuka kwenye vifundo, imechubuka katikati ya vidole, imepakwa mafuta mazito. Saa ilikuwa kumi na nusu jioni, Jumapili ya wiki ya sikukuu ya taifa, na nusu ya maduka ya Guangzhou yalikuwa yamefungwa.

"Nani alimkuta?"

"Mumewe," akajibu Sajini Zhou. "Yuko sebuleni. Kichina chake ni cha sokoni tu, Inspekta. Ndiyo maana nimekuita."

Kituo kizima, Liang ndiye pekee aliyejua Kiswahili. Baba yake alichimba visima Dodoma kwa miaka tisa, naye akasoma shule ya msingi huko. Tangu hapo kila kesi ya mtu wa Afrika Mashariki iliishia mezani kwake, hata ya aliyepoteza pasipoti kwenye teksi. Alipenda kulalamika kwamba zinamchosha, na hakuna aliyemwamini.

Sostenes, mume wa marehemu, mnunuzi wa nguo za watoto, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi. Alishika kiatu kimoja cha mkewe.

"Pole sana, kaka."

"Asante, Afande."

"Mara ya mwisho ulimwona lini akiwa hai?"

"Asubuhi. Yeye alikwenda ibadani. Mimi mchana nikaenda soko la Yide Lu kuangalia mzigo. Niliporudi, ndiyo hivyo."

"Alirudi na nani kutoka ibadani?"

"Mlinzi anasema na Kethia. Yule mama wa Lubumbashi mwenye mgahawa, hapo barabara ya Huanshi Zhonglu."

Liang alirudi jikoni, akavua glavu na kunawa mikono. Povu lilijaa viganjani upesi. Alisuuza, akasuuza tena, ngozi ikabaki inateleza. Alijifuta kwa kitambaa chake. Zhou alikuwa anaitia birika ya umeme kwenye mfuko wa vielelezo. Ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe, mnene kama magadi.

Jumatatu mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Damu yake ni ya rangi ya kahawia, Inspekta. Haikuweza tena kubeba hewa. Ni nitriti."

"Inatumika wapi?"

"Viwandani, kuzuia kutu. Kwa macho ni chumvi. Ukionja, ni chumvi. Imo kwenye chai yake, na imo kwenye maji yaliyobaki ndani ya birika. Majani ya chai na sukari ni safi. Maji ya bomba ya leo asubuhi nayo ni safi."

Kwa hiyo mtu aliitia ndani ya birika. Na alama za vidole kwenye mpini wa birika zilikuwa za Kethia.

Kethia alikamatwa akiwa ameshika mwiko. Katika chumba cha mahojiano alikalia ncha ya kiti, kitambaa cha kichwani kimelegea.

"Chai ulipika wewe?"

"Ni miye, Madame. Careen alikuwa amechoka. Nikamwambia, kaa, dada, mi nitakupikia."

"Maji ulitoa wapi?"

"Ku robinet, ku bomba. Wapi ingine?"

"Mbona wewe hukunywa?"

"Restaurant ilikuwa inaningoya. Baclients ba dimanche, ba siku ya Jumapili, habangojake."

"Wiki iliyopita mligombana."

"Juu ya kwaya! Nani anauaka mutu juu ya kwaya?"

Liang, aliyekulia jirani na kwaya mbili za Dodoma, hakuwa na uhakika sana na hoja hiyo. Lakini alimtazama mama yule akilia bila kujifuta, na roho ikamuuma.

"Niko na batoto babili Lubumbashi," Kethia alisema. "Nikifungwa huku, nani atabalisha?"

Mgahawa ulifungwa. Ijumaa jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Zhou alikuwa ameshaliandika jina la Kethia kwenye gamba la jalada, kwa mwandiko wake mzuri, na Liang alichukia kuliona.

Jumatano ulifika ujumbe kutoka Dodoma. Albina, dada wa marehemu, alimtumia Inspekta sauti ambayo Careen alimwachia Jumamosi usiku. Liang aliisikiliza peke yake ofisini.

"Dada Albina, mashine ya kulainisha maji imeishiwa chumvi, wiki ya tatu sasa. Sabuni haitoi povu, ni kama maji ya kwetu kabisa. Mikono inatoka damu. Nimemwambia Sostenes, Jumatatu nakata tiketi, narudi nyumbani. Hajanijibu. Ameangalia ukutani tu."

Liang alirudisha sauti mwanzo. Sabuni haitoi povu. Aliitazama mikono yake mwenyewe. Jumapili jioni, kwenye bomba lile lile, povu lilikuwa limemjaa mpaka vifundoni.

"Zhou," aliita. "Leta gari."

Duka lililouza mashine hizo lilikuwa mtaa wa pili. Laoban, yaani mwenye duka, alifurahi kupata mtu wa kumweleza. Alifungua pipa la maonyesho, akachota punje ndogo za rangi ya asali, ukubwa wa ulezi.

"Hizi zimebeba sodiamu. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, ndizo zinazoacha ukoko kwenye birika na kuua povu. Yakipita hapa, punje zinanasa ule ugumu na kuachia sodiamu. Vinabadilishana. Maji yanatoka laini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zishibe. Zikishiba hazinasi tena. Hapo unatia chumvi kwenye tangi, maji ya chumvi kali yanapita kwenye punje. Sodiamu inarudi mahali pake, ugumu unakwenda mtaroni. Halafu unasuuza, saa nzima, mpaka ladha ya chumvi iishe."

"Na mtu akitia kitu kingine? Nitriti ya sodiamu, kwa mfano?"

Laoban aliacha kutabasamu. "Punje hazichagui. Zitachukua sodiamu ya humo. Maji yatalainika vizuri tu. Ila ile nitriti haishikwi, itabaki kwenye maji. Usiposuuza vya kutosha, wa kwanza kufungua bomba ndiye ataipata."

Wa kwanza kufungua bomba alikuwa Kethia, anamjazia rafiki yake birika.

"Yule Mtanzania wa jengo la mtaa wa pili," Liang aliuliza, "amewahi kununua chumvi kwako?"

"Vidonge vya chumvi, mfuko mmoja. Jumatatu saa nne asubuhi. Mwisho wa wiki nilifunga, sikukuu."

Alhamisi asubuhi walipanda ghorofa ya kumi na moja na hati ya upekuzi. Sostenes alifungua mlango akiwa na nguo zile zile za Jumapili. Liang alikwenda moja kwa moja chini ya sinki, akafunua tangi la mashine. Vidonge vyeupe vilikuwa vimejaa, safi, vimepangwa kama vya duka. Zhou alipitisha pamba kwenye mfereji wa mfuniko. Ilitoka na punje chache, laini kuliko sukari.

"Nani anaweka chumvi humu?"

"Mimi, Afande. Kwa sababu ya ngozi yake."

"Mara ya mwisho lini?"

"Siku nyingi. Sikumbuki."

"Jumamosi usiku maji ya nyumba hii yalikuwa magumu. Mkeo mwenyewe amesema. Jumapili jioni mimi nilinawa hapa, yalikuwa laini. Na vidonge hivi umenunua Jumatatu."

Sostenes alivitazama vidonge.

"Jumatatu Careen alikuwa mochwari, kaka. Ulikuwa unamlainishia nani maji?"

Sostenes aliteremka taratibu mpaka sakafuni, pale pale alipokuwa amelala mkewe, akajifunika uso.

"Alitaka kuondoka," alisema. "Miaka kumi na moja tuko wote huku. Nikajua akienda harudi. Nikasema, nitengeneze mashine akiwa ibadani, akirudi akute maji laini, labda moyo utamrudi. Duka limefungwa. Nikashuka kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya mafundi vyuma. Alikuwa na gunia la kitu cheupe."

"Hukusoma gunia?"

"Maandishi yao siyajui. Nilifanya ninavyofanya kwa kila mzigo. Nikashika, nikasugua kwa vidole, nikaonja. Ilikuwa chumvi, Afande. Simu ingenitafsiria kwa nukta moja tu. Nilikuwa na haraka."

"Ulisuuza?"

"Dakika kumi. Ibada ilikuwa inaisha. Nilitaka asinikute, ajionee mwenyewe."

"Ulijua lini?"

"Ninyi mlipoondoka. Nikaelekeza simu kwenye gunia. Ikaandika, sumu." Alinyoosha kidole kuelekea chumbani. "Liko chini ya kitanda. Tangi nikaliosha. Gunia nilishindwa kulitupa."

Zhou alikwenda, akarudi na gunia limekunjwa vizuri kama shuka.

Liang alihisi hasira na huzuni zikimpanda kwa pamoja. "Na Kethia? Siku ya nne leo yuko rumande. Kesho anashtakiwa kwa mauaji. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ana watoto."

"Najua. Mtoto wake wa pili alibatizwa huku huku, na mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Kila asubuhi nilivaa viatu nije kwenu. Nafika kwenye lifti narudi. Nikinyamaza, Careen amekufa. Watu wanakufa, Afande. Nikisema, ni mimi niliyemuua. Hilo neno lilikataa kutoka."

Liang alimsomea haki zake kwa Kiswahili, polepole, kisha makosa: kusababisha kifo kwa uzembe na kuficha ushahidi. Sostenes aliitikia kila moja kwa kichwa. Zhou alipotoa pingu, alinyoosha mikono mwenyewe, kisha akaomba aingize mkono mfukoni kwanza.

Alitoa simu.

"Kuna sauti yake, ya Jumapili saa tisa na robo. Nilikuwa Yide Lu, napatana bei, nikasema nitaisikiliza nikitoka. Baadaye nikaogopa. Nilidhani ananiita nimsaidie." Aliiweka kwenye kiganja cha Liang. "Sikilizeni ninyi. Mimi siwezi."

Lakini jiko lilikuwa dogo, na hakukuwa na pa kwenda. Liang alibonyeza.

Maji yalisikika yakimwagika, kisha sauti ya Careen, ina kicheko ndani yake.

"Baba wewe! Umetengeneza lini? Nimenawa, mikono haijauma hata kidogo. Angalia povu hili. Kethia ananiandalia chai, nakunywa halafu nalala. Basi, yaishe. Tiketi sikati."

Sostenes alipiga paji la uso sakafuni, mara moja, akabaki ameinama vile vile.

Zhou alimtazama yule mtu, akamtazama Inspekta wake. "Amesema nini?" aliuliza kwa Kichina.

Liang alizima simu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Aliufunga mfuko.

"Amesema anabaki."