Herufi Zenye Vijiguu

"Mungu wangu! Nani kaichora hii R?"

Duka zima la uchapaji liligeuka. Lilikuwa limefurika wateja, mashine zinanguruma, harufu ya wino imetanda, na mtengeneza kadi za harusi, ndani ya gauni lake la manjano, alikuwa ameshika karatasi isiyo yake. Ilitoka kwenye mashine pamoja na kadi zake. Ilijaa herufi kubwa tupu, nyembamba hapa, nene pale, kila moja imesimama juu ya vijiguu vyake kama mtu aliyevaa viatu vya kutokea. R ilinyoosha mguu mrefu mbele kwa maringo.

"Mimi," alijibu kijana mmoja mrefu, mikono ya shati lake la bluu ina vumbi jeupe. "Samahani, dada, zimechanganyika na zako."

"Usiombe samahani, umeniua kabisa. Na ndogo ziko wapi?"

"Ndogo zipi?"

"Herufi ndogo, kaka! Bi harusi gani atataka kadi ya herufi kubwa tupu? Wageni wataona wanafokewa."

Kijana alimkodolea macho kama aliyepigwa kofi. "Hazipo," alisema polepole. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Haya, mimi nimekuuliza. Nichoree."

Basi akachora, na kila jioni akapiga simu kutoa taarifa.

"Leo nimemaliza a, malkia wangu."

"Ikoje?"

"Ina katumbo kidogo. Kama ka mtu fulani ninayemjua."

"Wee! Nitakukatia simu!"

"Kata, nitapiga tena. Bado g. Hiyo nataka mkia wake urudi nyuma, kama wewe unavyogeuka ukikumbuka umesahau pochi."

Walipofika z, mtengeneza kadi alikuwa hajiwezi kwa mapenzi. Mabibi harusi wa mji mzima wakazitaka herufi hizo hizo, na hapakutoka kadi kwake bila vile vijiguu. Wenzake kazini, waliozoea kumwita Bi Harusi wa Watu, wakaanza kumuuliza yake ataichapa lini. Haikuwa mbali. Pete ilishaingia kidoleni, mama yake alishaanza kuulizia ukumbi. Kazi ya mchumba wake aliijua kwa mdomo tu: "Nachora herufi, na kuchonga kidogo." Anachonga nini, hakuuliza. Mapenzi yakinoga, nani ana muda wa maswali?

Ndipo baba wa mteja wake akafariki, naye akaenda kuzika. Watu walipokuwa wakitawanyika, kisigino chake kilizama kwenye udongo. Akainama kukichomoa, na alipoinua kichwa akaiona R.

Ile ile. Mguu ule ule, maringo yale yale, imechongwa kwenye jiwe jeupe. Jina la mwanamke, miaka michache mno ya kuishi, na chini yake, kwa herufi kubwa kama maneno mengine yote ya jiwe lile: DAIMA, MCHUMBA WAKO.

Alizikumbuka kadi zote alizozitoa, na mabibi harusi waliozibusu mbele yake. Simu ikalia.

"Malkia, uko wapi? Nimekukosa dukani kwako."

"Niko makaburini."

"Pole, mpenzi. Mmeshamaliza kuzika?"

"Nimesimama mbele ya mwenzangu. Jiwe lake zuri. Herufi nazifahamu."

"Nilitaka kukuambia..."

"Lini? Mimi nachagua shela, kumbe nashonewa sanda ya mtu!"

Akakata. Siku ile ile alizifuta herufi zile kwenye kompyuta yake, akavua pete, akaitupa kwenye bakuli la vifungo. Wateja walilalamika, hakujali.

"Unamwonea wivu marehemu, mwanangu?" mama yake alimuuliza.

"Simwonei wivu, mama. Nimevalishwa nguo yake bila kuambiwa."

Kijana alikuja mwenyewe dukani kwake, mchana kweupe, shati limepigwa pasi, wateja wamejaa.

"Nilikosa," alisema, hata hajakaa. "Niliogopa ukijua utaziona ni za msiba, na mimi na wewe ndiyo basi. Sina utetezi. Ila nikuulize moja tu. Pale kwenye jiwe, uliona herufi ndogo?"

Akalirudia jiwe lile akilini, mstari kwa mstari. Hakuona. Hata moja.

"Kubwa ni zake, nakiri. Nilizichora nikilia, nikadhani sitachora tena maishani. Mpaka mtu mmoja wa gauni la manjano akapiga kelele dukani, akauliza ndogo ziko wapi. Zile zote ni zako. Hazijawahi kukanyaga kaburi."

"Na g?" aliuliza.

"Hiyo ni wewe, umesahau pochi."

Akacheka huku analia, wanja umemchuruzika mashavuni, na mteja asiyemjua akampa leso.

Kadi yao ilipotoka, mama alivaa miwani, akashika kifua. "Jamani! Mmechapa nini hiki? Majina yenu yote kwa herufi ndogo? Watu watasema hatukusoma!"

"Tumesoma, mama," alisema binti yake, akipitisha kidole juu ya mkia wa g. "Herufi kubwa zina mwenyewe. Tumemwachia."