Makinda wa Yangeyange

Mwaka 1956, kila alfajiri kabla ya shule, Tuneya alipanda dungu, kile kilingo cha walinzi, katika shamba la mpunga la mama yake kijijini Idsowe, akaamia ndege wasile mpunga, kwa kombeo. Ndege akitua tu, jiwe limeshamfikia. Msichana yule alikuwa na shabaha, na majivuno yake pia hayakuwa haba!

Siku moja Mwalimu Gunga aliwaongoza wanafunzi hadi kinamasini, wakaone yangeyange, wale ndege weupe, wanavyolea makinda. Tuneya alikuwa ameingojea safari hiyo kwa hamu.

"Huko tuendako hakuna kelele," Mwalimu alionya. "Ni kutazama tu."

Walipofika, Tuneya alishika mdomo. Vichaka vilivyozungukwa na maji vilikuwa vyeupe kwa ndege, na viotani makinda walipanua midomo wakidai chakula. Mara kundi jingine likashuka mbele yake. Mkono wake haukumngoja afikiri; ulichomoa kombeo kiunoni.

"Haiyaa!" alipiga ukelele, na jiwe likaruka.

Ndege wote waliinuka kwa kishindo. Makinda wengine walisukumwa na mabawa wakaanguka majini. Mwewe nao wakateremkia viota visivyo na mama. Tuneya aliona kinda mmoja akinyakuliwa huku akilia, akahisi moyo unamkatika.

Mwalimu aligeuka kwa hasira. Macho yake yalimwangukia Mwanaarusi, rafiki yake Tuneya, aliyesimama kando yake kombeo likiwa shingoni.

"Wewe! Hutakwenda safari nyingine!"

"Si mimi, Mwalimu. Haki ya Mungu, si mimi," Mwanaarusi alilia.

Wote walikuwa wakitazama ndege, hakuna aliyemwona Tuneya akirusha. Angeweza kunyamaza, lakini machozi ya rafiki yake yalimchoma.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema akisogea mbele. "Nimefanya kama shambani. Nimewaua."

Mwalimu alimwomba Mwanaarusi radhi, kisha akawarudisha wote nyuma, wakajificha kwenye matete. Polepole ndege wakarejea. Mmoja alisimama juu ya kiota kitupu, akipekuapekua nyasi kwa mdomo. Tuneya alilia kwa kwikwi.

Mwalimu alichutama kando yake. "Kweli yako imemwokoa mwenzako, mwanangu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini makinda haitawarudisha. Shambani ndege ni mgeni wako. Hapa mgeni ni wewe, na mgeni hutuliza mkono wake."

Mwanaarusi akamshika Tuneya mkono. Yule ndege alikuwa bado anatafuta.