Gari Lilimtaja Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, sina mume, sina mtoto, na cherehani yangu nimeiweka barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka hapa Shinyanga. Wateja huniuliza mbona sicheki. Leo nawajibu wote kwa mpigo, nanyi wasomaji wenzangu msikie, kisha mniambie kama mkosaji ni mimi.

Nilipoolewa na Masanja nilikuwa msichana mbichi. Yeye alikuwa dereva wa mzungu mwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Ng'ombe walitolewa, ngoma ikapigwa, nikaenda kwa mume hapa hapa Shinyanga. Ndoa ya kanisani tulisema itafuata. Ikawa mwaka huu, ikawa mwakani... nami nikangoja. Nani angemshuku mume anayekuletea kanga kila akirudi?

Gari la yule mzungu halikuwa la mchezo! Masanja alinieleza kwamba matajiri wa Uingereza hawanunui gari zima. Hununua chasi na injini kiwandani, kisha huzipeleka kwa fundi wa bodi, naye huwaundia bodi kwa mkono jinsi wanavyotaka wenyewe. Nilicheka sana. Kumbe na magari hupimwa na kushonewa!

Mzungu akimaliza kusoma magazeti yake ya magari alimpa Masanja, nasi tukayabandika ukutani kwa uji wa unga, chumba kizima. Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza. Masanja alikuwa akifunika maandishi kwa kiganja na kuniuliza, "Haya Milembe, bodi ya nani hii?" Majina ya mafundi wale yalitushinda kutamka, tukawapa ya kwetu. Mmoja tulimwita Fundi Kiuno, kwa vile magari yake yalikuwa membamba nyuma. Mwingine Fundi Kope, maana madigadi yake yaliinamia magurudumu kama kope za mtu mwenye usingizi.

Picha nyingine zilikuwa kuukuu, zimefifia, gari linaonekana nusu tu. Lakini mimi ni mshonaji, macho yangu yamezoea mishono! Nikitazama mlango umekatwaje na dirisha limelalaje, nilimtaja fundi wake bila kubahatisha. Masanja alipiga makofi. Kabula, mdogo wangu niliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, alikuwa akiishi nasi, naye alitucheka kwamba tunacheza kama watoto. Jamani, nilikuwa na furaha!

Na gari la bwana wake Masanja alilisifu kuliko yote. Alisema mzungu aliichora bodi ile mwenyewe, na duniani halina mwenzake. Kweli, nililiona kwa macho yangu. Dirisha la nyuma liligawanywa mara mbili, milango ya nyuma ilifunguka kinyume, na mstari mweupe ulishuka ubavuni ukajikunja kwenye digadi.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Sikupata mtoto.

Nilikunywa mizizi, nikaenda misheni, nikapiga magoti mpaka yakaota sugu. Masanja akaanza kukaa Geita siku nyingi kuliko zamani. Kabula naye akaondoka kwangu. Baba aliniambia amempeleka kwa masista wa Ushirombo akajifunze kazi za mikono. Nilifurahi, nikamshonea magauni ya kwenda nayo. Mjinga mimi!

Sasa sikilizeni...

Wateja wangu wengi huja na picha, maana mshono ni mgumu kuueleza kwa mdomo. Alasiri moja alikuja mama kutoka Kharumwa, akajitaja kuwa ni Mama Shija. "Mwadila, mayu," akanisalimu, tukaulizana habari za mvua na pamba, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa picha ya harusi. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka gauni kama lile la pichani.

Picha yenyewe ilikuwa nusu. Bibi harusi alikuwa ameinama, shela imemfunika uso. Bwana harusi alikuwa amekatwa kwa mkasi, akabaki mkono tu. Nikaanza kuyatazama marinda. Halafu jicho likapita nyuma ya gauni... Mstari mweupe! Dirisha la nyuma lililogawanywa mara mbili!

Nilijaribu kujifariji kwamba labda mzungu ameazima watu gari. Nikamuuliza bwana harusi ni nani.

"Si dereva wa gari lenyewe!" Mama Shija akajibu kwa furaha. "Wamefunga ndoa kwa padri kabisa. Mkewe ni jirani yangu, ndiye aliyenikatia picha. Kasema fundi wa Shinyanga anahitaji gauni tu, mwanamume wa nini?"

Alimkata mume wangu akaliacha gari!

Kesho yake nilipanda lori la pamba mpaka karibu na Kharumwa, nikamalizia kwa miguu. Mchana nikafika kwenye nyumba niliyoelekezwa. Uani alikuwepo mwanamke anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Akageuka. Alikuwa Kabula!

Ungo ulimponyoka. Alipiga magoti pale pale vumbini akasema, "Shikamoo, dada." Nami kwa mazoea ya maisha yote nikaitika, "Marahaba." Mnaweza kuamini? Nilimwitikia!

Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Aliangalia chini. "Milembe," akasema. "Tumempa jina lako." Nilipoanza kulia ndipo akaniuliza swali lililonimaliza. "Dada, kwani baba hakukwambia?"

Nilirudi moja kwa moja nyumbani kwa wazazi wangu. Baba hakunizungusha. Alisema Masanja alitaka kunirudisha kwa kuwa sizai. Kunirudisha mimi ni kurudisha ng'ombe, na ng'ombe wangu ndio waliomwolea kaka yangu mke. Warudishwe kutoka wapi? Ndoa ya kaka ingevunjika. Basi wakakaa kikao, wakampa Masanja mdogo wangu bila ng'ombe hata mmoja. Kwetu kumpa mkwe mdogo wa mkewe si jambo geni, lakini mkubwa huambiwa kwanza, akakubali kwa kinywa chake!

Mimi nilifichwa. Kaka alijua, wifi alijua, mama aliyenizaa alijua. Nikauliza kanisani walipitaje wakati Masanja ana mke. Mama ndiye aliyejibu, huku akijifuta machozi. Padri alipouliza kama Masanja ana mke mwingine, baba yangu mzazi alisimama akasema hana.

"Ng'wanone," baba akaniambia, mwanangu, "tulikuonea huruma."

Huruma! Nimeikataa huruma ile mpaka leo.

Masanja aliporudi hakuomba hata msamaha. Aliniuliza nalia nini wakati hakunifukuza. Nilibeba cherehani yangu nikaondoka, na ng'ombe hakuna aliyethubutu kuwadai. Kabula simchukii. Alikuwa mtoto, aliamriwa. Lakini sijaenda kumwona tena, moyo unakataa.

Dada zangu mnaoambiwa "kanisani tutakwenda mwakani", msingoje kama nilivyongoja mimi. Ulizeni mapema, mbele ya mashahidi, na mkinyimwa jibu, basi jibu ndilo hilo. Na ninyi wazazi, nawapigia magoti! Binti yenu asipozaa, mwiteni mmwambie uso kwa uso, hata kama neno ni chungu. Angekuja baba akaniambia, huenda ningelia, huenda ningekubali, huenda ningemtandikia Kabula kitanda kwa mikono yangu. Lakini alikwenda kumwambia padri kwamba sipo.