Ng'ombe Aliyemeza Swali

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, wanachama watano wa klabu ya kompyuta huvua viatu mlangoni, hukung'uta soksi zao, kisha hugombania viti. Kiti cha dirishani ni cha Kwanini. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipachikwa jina hilo na wenzake kwa sababu maswali hayamwishi mdomoni. Alikipenda kiti hicho kwa ajili ya upepo, ingawa kompyuta yake ilikuwa kuukuu na iliwaka kwa kujivuta.

Klabu ilikuwa ikitengeneza programu ya maswali ya wanyama kwa watoto wa darasa la pili. Kwanini aliandika orodha ya wanyama na tabia zao. Fundi, mvulana mpole asiye na makuu, aliandika maagizo ya kuionyesha kwenye skrini. Ijumaa asubuhi ndiye angesimama mbele ya wazazi kuieleza.

Alhamisi hiyo mwalimu alipoifungua programu, chumba kizima kiliangua kicheko. Katikati ya neno ng'ombe, mahali pa ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng, palikaa kidoa cheusi chenye alama ya kuuliza.

"Ng'ombe kameza swali!" alisema kiranja wa klabu.

Mwalimu hakucheka. "Fundi, neno hili si juzi uliniambia umelirekebisha?"

"Nililirekebisha, Mwalimu. Lilikuwa sawa kabisa."

"Sawa gani hii? Sipendi mtu aniambie kazi imekwisha na kumbe bado. Ikiwa hivi mpaka jioni, kesho atasimama mwingine."

Mwalimu alitoka kwenda ofisini, na minong'ono ikaanza kwamba Fundi ni mwongo. Kwanini alimwonea huruma, lakini udadisi nao ulimwasha. Kwa nini twiga yuko salama, ila ng'ombe kaharibika? Alipitia orodha yote. Mbwa hung'ata, kimulimuli hung'aa: kila penye ritifaa pameharibika.

Kimulimuli! Yeye mwenyewe ndiye aliyemwongeza Jumanne, baada ya Fundi kumaliza kazi yake. Hakuna aliyemwona, na angenyamaza hakuna ambaye angejua.

Kwanza alitaka kuwa na hakika. Alifungua faili jipya, akanakili neno moja tu, ng'ombe, kutoka kwenye orodha, kisha akalihifadhi. Faili lilikuwa na ukubwa wa baiti saba, kwa kipimo cha kompyuta. Akaenda kwenye kompyuta ya Fundi na kufanya vilevile kwa nakala yake ya juzi, ambayo haikuharibika. Baiti tisa!

"Neno moja, uzito tofauti? Kwa nini?" alimuuliza Fundi.

Fundi alisogeza kiti. "Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, kila namba baiti moja. Ritifaa yetu imepinda kama ya vitabuni. Kompyuta yangu inafuata utaratibu wa herufi uitwao UTF-8, inaiandika kwa namba tatu. Hiyo yako kuukuu ina utaratibu wake wa zamani, inaiandika kwa moja, na ukihifadhi huandika upya faili lote. Programu yetu inasoma UTF-8 tu. Ikikuta ya zamani, haiielewi."

Kwanini akaenda ofisini kumwita mwalimu. Waliporudi, alisema mbele ya wote, "Fundi hakudanganya. Mimi ndiye niliyeliharibu faili. Kila nikihifadhi, kompyuta ile huniuliza swali refu kuhusu utaratibu wa herufi, nami hubofya 'Ndiyo' bila kulisoma."

"Ee!" kiranja alishika kiuno. "Wewe unayetuchosha kwa maswali kutwa kucha, ukiulizwa wewe husomi?"

Walicheka, na Kwanini akaona aibu hasa. Fundi alirekebisha faili mara moja. Kisha Kwanini akaomba kuandika jambo moja: faili dogo la kanuni lililokaa kwenye folda kuu ya mradi, lenye mstari unaosema kila faili lihifadhiwe kwa UTF-8. Programu za kuandikia za kompyuta ya Kwanini na ya Fundi zilipangwa kulisoma na kulitii. Kwanini aliongeza mnyama mwingine kwenye ile kuukuu, akahifadhi, wakaifungua programu tena. Ng'ombe alibaki mzima.

Mwalimu alimgeukia Fundi. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Kesho utasimama wewe." Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisha mwalimu akawatazama wote. "Kanuni ya UTF-8 niliijua tangu mwanzo, nikaiweka kichwani mwangu. Kanuni isiyoandikwa ni siri ya mtu mmoja, na wengine hukosea bila kujua. Lakini kanuni peke yake isingemwokoa Fundi leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwanini hakuficha, akasema wakati hakuna aliyemshuku. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako."