Kikaango Kilichosuguliwa

— Bibi, nani amepikia kikaango chako leo?

Nilikuwa ndiyo kwanza narudi msibani, hata kitenge sijafungua. Mjukuu wangu Wegesa alikuwa amepiga magoti katikati ya jiko, anamulika sakafu kwa simu.

— Sijapika, mama. Nimeshinda msibani. Kwani kimeungua?

— Kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kinang'aa. Njoo uone. Hapo, usikanyage!

Kwenye ufa wa sakafu yetu ya udongo kulikuwa na kitone kinachong'aa kama fedha, kidogo kuliko punje ya ulezi. Alipokigusa kwa kijiti kikakimbia, kikagawanyika, vikawa viwili.

— Zebaki, akasema. Machozi yakamtoka, lakini yalikuwa ya hasira.

Huku kwetu Tarime, tangu rashi, yaani mbio za kutafuta dhahabu, ianze, kila mtu anaijua zebaki kama anavyojua chumvi. Vijana wamekimbilia mashimo ya Kemambo. Mchanga wa dhahabu unakorogwa na zebaki, zebaki inaishika dhahabu, kisha donge linachomwa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengi wanachomea jikoni, kwenye kikaango kilekile cha mayai. Mvuke wake huuoni wala huunusi. Ndiyo ubaya wake.

Mbali na sisi wawili, ufunguo wa jiko langu alikuwa nao mtu mmoja tu: Ochieng, mchumba wa Wegesa. Nilimpa mimi, kwa sababu kila akipita alinijazia pipa la maji bila kuombwa. Kanisani ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa mara mbili. Lilibaki tangazo la tatu.

Wegesa akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

— Uko wapi?

— Wege! Niko hapa kwa sonara. Nilitaka nikushangaze, basi umeniwahi. Natengeneza pete yako. Dhahabu nimeiosha kwa mikono yangu mwenyewe, sikununua kwa mtu!

— Umeichomea wapi?

Tukasikia nyundo ya sonara tu.

— Ochieng, nimekuuliza.

— Mvua ilinyesha, Wege. Nje moto ulikuwa hauwashiki. Nilijua dani hayupo. Mara moja tu.

Dani ni bibi kwa Kijaluo. Ndivyo anavyoniita.

— Jumamosi ulisimama mbele za watu ukasema nini?

Ochieng akakata simu. Au pengine ilikatika, sijui.

Niwaeleze hiyo Jumamosi. Barazani kwangu, hapa mtaani Nyamisangura, hukutana kikundi cha vijana wanaopenda sayansi. Wegesa anafundisha kemia. Simioni anatengeneza simu, na mdomo wake hauna mfuniko. Ochieng anaosha dhahabu. Kila Jumamosi mmoja wao anapendekeza kitabu, na wana sheria moja: hupendekezi kitabu ambacho hujakijaribu nyumbani kwako. Simioni alipopendekeza cha kuku tulikula mayai. Alipopendekeza cha nyuki, alikuja na jicho moja limefunga.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Ochieng. Akainua kitabu chenye jalada la kijani, kinachoeleza sumu ya zebaki.

— Kila nyumba ya Kemambo ingepaswa kuwa nacho, alisema. Mvuke huu unatetemesha mikono, unamdhuru mtoto akiwa bado tumboni. Mimi jaribio langu ni hili: sichomi tena ndani ya nyumba ya mtu.

Walimpigia makofi. Wegesa alimtazama kama mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi. Kumbe maneno yale hayakufikisha hata wiki.

Basi, jioni ya siku ile tuliyompigia simu, Ochieng akaja amelowa, na kikaango kipya kwapani.

— Shikamoo dani.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Usimkaribishe, Bibi, Wegesa akadakia. Hicho cha nini?

— Nimeleta kipya. Kile cha zamani tutupe, yaishe.

— Nani amekwambia tatizo ni kikaango?

— Wege, wenzangu wote wanachoma ndani. Mama yangu amechoma miaka yote.

— Na mikono ya mama yako inashika kikombe?

Ochieng akainamisha kichwa. Mama yake, Dorka, hunyweshwa chai na wajukuu.

— Bibi anakaa jikoni humu kutwa akiona baridi, Wegesa akaendelea. Ulijua. Na mimi unataka nizae watoto kwa mtu anayesema vizuri mbele za watu, akigeuka nyuma anafanya lilelile? Chukua kikaango chako. Mwambie mchungaji asitangaze.

— Wege, ilikuwa pete yako!

— Kaivae wewe.

Usiku huo tulilala mlango na madirisha ya jiko wazi, na chakula tukapika uani kwa mafiga. Meseji ziliingia mfululizo, Wegesa ananisomea kwa sauti ya kuchoka.

"Nisamehe mpenzi. Nilipitiwa."

"Nakupenda kuliko dhahabu yote ya Mara."

"Basi hata nijibu nimekosa nini zaidi."

— Unaona, Bibi? Hajui hata alichokosa. Nimechoka. Naongea, anakubali. Naongea tena, anakubali tena. Bora angebisha!

— Mjibu basi, mama.

Akaandika: "Kitabu ulikisoma mpaka wapi?"

Jibu lilichelewa sana. Lilipokuja lilikuwa fupi: "Sura ya tatu."

Wegesa akaweka simu kifudifudi.

— Alipendekeza kitabu hakukimaliza. Hata kusoma amenidanganya.

Sikumbishia. Mtu akiwa na haki ya kukasirika, mpe nafasi akasirike.

Kesho yake Wegesa alipokwenda shule, nikasikia jembe jikoni. Ochieng alikuwa amefunga kitambaa puani, amechuchumaa, anachimba sakafu yangu. Alinyunyiza maji kwanza udongo usitimke, kisha akautia kwenye ndoo zenye vifuniko. Kitabu cha kijani kilikuwa wazi juu ya kinu, kimezuiwa na jiwe.

— Unafanya nini, mwanangu?

— Sura ya saba, dani. Inasema usifagie, zebaki inasambaa. Toa udongo, usiutupe mtoni. Nimeshamwona bwana afya, atanionyesha pa kuuzika, pamoja na kile kikaango. Wewe kaa mbali, tafadhali.

Alishinda hapo. Alirudi siku ya pili na udongo wa kichuguu, akapiga sakafu upya na kuilainisha kwa jiwe, taratibu, kama anapaka mtoto mafuta. Hakunituma nimwambie Wegesa. Chai nilimpa, akainywea nje kabisa, kwenye majani.

Wegesa aliiona sakafu.

— Nani kapiga hivi vizuri?

— Unamjua.

— Sakafu si neno, Bibi. Anajua kufanya vitu vizuri. Shida ni neno lake.

Ikafika Jumamosi. Baraza lilijaa kuliko kawaida, maana Nyamisangura habari haina mlango. Ochieng akaja na kitabu, na chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba lililopinda. Simioni akamwona.

— Eeh, shemeji! Leo umetuletea chungu cha pombe?

Watu wakacheka. Ochieng hakucheka.

— Napendekeza kitabu kilekile, akasema. Wiki iliyopita nilidanganya. Sikukimaliza, na nilichomea ndani ya jiko la dani, ambaye hajawahi kuninyima kitu. Pete nilimwambia sonara aiache. Dhahabu ile nimempa fundi chuma, akaniundia hiki cha kuchomea donge. Zebaki inarudi ndani ya maji kwa hili bomba, haipai. Na hata hiki kinakaa nje, mbali na watu. Kitakuwa cha mwalo mzima, cha kila anayeosha dhahabu pale. Mama yangu jana amekubali kuacha kikaango, baada ya kumsomea mpaka akasema nimemchosha.

Wote wakamgeukia Wegesa. Alikuwa amekunja mikono.

— Umekisoma mpaka mwisho?

— Mpaka mwisho.

— Ukurasa wa mwisho unasema nini?

Ochieng akakuna kichwa.

— Hausemi kitu. Kuna jina la kiwanda kilichochapa, na sanduku la posta.

Simioni akanyakua kitabu, akafunua.

— Haki ya Mungu, mpaka sanduku la posta!

Wegesa alijaribu kujizuia, lakini kicheko kilimtoka puani, kisha akaficha uso kwenye khanga yangu. Bega lake lilitikisika muda mrefu. Sikujua ni kucheka au kulia, nadhani yote.

— Mwambie mchungaji atangaze, akasema humo humo ndani ya khanga. Ila sitaki pete ya dhahabu.

Walifunga ndoa kwa pete za shaba. Dorka alikaa karibu nami, nikamshikia kikombe. Wakati wa zawadi Simioni akaja anacheza, kabeba kitu kimefungwa kwa karatasi ya kumetameta. Bibi harusi akafungua.

Kikaango.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wegesa akakiinua juu, akamkazia macho mumewe.

— Hiki ni cha nini?

— Cha mayai, mke wangu, Ochieng akajibu haraka. Mayai tu.