Mwenye Kukamua Nyamera

Mwaka ule vita ya pili ilianza kule Kongo, hapa Kamembe, Zulaikha, muke wa Kamali, aliamuka asubuhi moja akakuta maziba yake, maziwa ya kunyonyesha, inanuka majani. Haikuwa majani ya shamba. Ilikuwa ya mbali, yenye moshi ndani, sawa vile pori inanukaka kisha kuungua. Mutoto wao Umurerwa, wa miezi mine, alionja, akageuza kichwa.

Zulaikha alisema pengine ni sombe, majani ya muhogo, ya jana. Batoto bangu, sombe haifanyake vile.

Kamali alikuwa fundi wa ngozi. Alifundishwa na baba yake kule Bukavu, kabla barudi huku: kupaka chumvi, kuanika, kushona nyama ya pori ya kufa mpaka unaona sawa itakuangalia. Siku tatu kabla ya ile asubuhi, Ladislas wa Nzahaha alimuletea mzigo mu kamionete. Kazi ya Ladislas ilikuwa kuongoza bazungu ba kuwinda. Alipenda kueleza ile kazi mbele ya bantu. Muzungu analipa pesa mingi ju ya nyama moja, ile pesa inalipa balinzi, balinzi banafukuza benye mitego, basi nyama mia inapona ju ya moja. Lakini, alisema mwenyewe, inapashwa kuwa dume ya kuzeeka, yenye wenzake balishafukuza, haizalishe tena. Kamali aliona ni maneno ya akili. Hata mimi naona ni ya akili, kama bote banaifuata.

Alifungua mzigo. Ngozi ya nyamera, nyama mukubwa wa rangi ya tofali, na kichwa yake bado juu. Kwa nyamera, dume iko na pembe na jike iko na pembe, na muzungu alikuwa amepiga bunduki toka mbali, hakutofautisha. Kamali alipoigeuza, matiti ilikuwa imejaa. Alipoweka kisu, maziba ikaruka, ikamulowanisha mukono mpaka kiwiko. Ilikuwa bado vuguvugu.

Ladislas alicheka. "Dume yenye kunyonyesha, Papa Umurerwa. Itaandikwa mu gazeti. Toa ile, ushone kitu ya beberu pale. Karatasi ya ruhusa ya kuwinda inasema dume muzee."

Na Kamali akafanya. Alikata matiti, akaitupa mu choo. Alinunua ngozi ya beberu, akakata pale kwenye dume inakuwaka dume, akashona kwa uzi mwembamba, vizuri kabisa. Ni haya kuisema, lakini ilikuwa kazi safi.

Basi, kisha maziba kunuka, ikaanza sauti. Kila saa sita ya muchana, jua likiwa katikati, kutoka chumba ya ngozi kulisikika kutafuna. Polepole, kurudisha, kumeza, kutafuna tena. Siku ya pili Zulaikha alisukuma mulango. Ngozi ilikuwa chini, bapa, haina mufupa, haina ulimi, chumvi juu yake yote, na pale kwenye shingo kitu ya mviringo ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda, na kando ya mudomo mafunza ilikuwa inatoka pamoja na majani ya kijani, majani mabichi, mu nyumba yenye hata bustani haina.

Alitapika palepale. Na wakati ameinama njo alisikia vidole. Hakukuwa muntu. Vidole baridi vilishika titi yake, vikavuta, vikaachilia, vikavuta, vile muchungaji anakamuaka ng'ombe yake bila haraka, na maziba ilitoka ikaanguka, lakini haikufika chini, ilikuwa inaingia mu kitu ndani ya hewa, na alisikia ile kitu inavyojaa, na alipovutwa tone la mwisho akaona kifua yake imelala sawa mufuko mutupu, na mutoto analia mu chumba ingine.

Ikawa kila muchana. Umurerwa alipewa maziba ya ng'ombe, akairudisha na nywele ndani, nywele za rangi ya tofali. Alikonda mpaka kichwa yake ikawa muzito kuliko mwili.

Kamali alienda Bugarama kuita Mwalimu Habumugisha, mwenye kusomea bantu ba majini. Yule muzee alisoma Kurani toka asubuhi, ubani ikawaka, na saa sita ilipofika Zulaikha akasema kwa sauti isiyo yake, ndogo, ya kuchoka.

"Mimi nachunga nyama za pori. Dume muzee tunaiachaka, muichukue. Huyu alikuwa wa kukamua, na mutoto wake angali amelala mu majani, anamungojea. Mulimuita dume. Nitakamua hapa."

Mwalimu akamuuliza kwa upole anataka nini ili atoke.

"Fundi ashonoe uongo. Arudishe yenye alitupa. Akaseme jina ya kweli ya huyu, jike, mbele ya benye karatasi."

Kamali aliogopa. Ladislas alikuwa na marafiki benye bunduki, na ile miezi muntu alipotea kwa kitu kidogo. Zulaikha, sauti yake ikirudi, alimuangalia tu. "Papa Umurerwa," alisema, "mutoto hatafika Ijumaa."

Basi alibomoa choo. Aliingia mpaka kiuno, akapapasa kwa mikono mule ndani mwa uchafu ya bantu na minyoo, mpaka akashika kitu laini. Ilikuwa haijaoza. Ilikuwa vuguvugu. Aliiosha, akashonoa kitu ya beberu, akaishona pahali pake akilia na kutapika, akabeba ngozi mabegani mpaka kwenye hoteli, pale muzungu, Ladislas na muntu wa kashe, mwenye kupiga muhuri ya serikali, balikuwa banapima pembe zenye Ladislas alishachukua.

"Ni jike," aliwaambia. "Alikuwa ananyonyesha. Mimi njo nilimugeuza."

Muzungu alipotafsiriwa ile maneno akawa mwekundu, akaangalia viatu yake. Ladislas akamupiga Kamali bega, akasema pesa ya balinzi ni ileile, nyama haijui kusoma. Yule wa kashe akaandika dume muzee, akapiga kashe.

Kamali alirudi nyumbani akijua amefanya bure. Lakini alikuta Umurerwa kwenye titi, anavuta mpaka masikio inacheza, na maziba inanuka maziba. Chumba ya ngozi ilikuwa kimya.

Siku ya nane, saa sita ya muchana, muntu akapiga hodi. Ladislas alikuwa amesimama kwenye jua na koti ya mvua. Alikuwa amekonda. Alifungua vifungo. Kifua yake, kifua ya mwanaume mwenye ndevu, ilikuwa imevimba na kuning'inia, shati imelowa mpaka kwenye mukaba.

"Inavuta kila siku," alisema polepole. "Kamali, ndugu yangu. Uko na ile kisu?"

Kamali aliangalia jua, ilikuwa katikati. Ladislas alishtuka, akafunga macho, na bote mu ile nyumba bakasikia maziba inaanza kuanguka ndani ya kibuyu yenye haionekane.